Mlolongo Uliokaa Chini

Katika miaka ya 1980, kwetu Kirinyaga, niliisikia Warumi 13 kwenye baraza la chifu mara nyingi kuliko nilivyoisikia kanisani. Chifu wetu aliweka Biblia kwenye droo moja na vitabu vya risiti za kadi za KANU. Baada ya wimbo wa taifa alikuwa akisoma mistari saba ya mwanzo: kwamba mamlaka yote hutoka kwa Mungu, kwamba anayeyapinga anashindana na Mungu mwenyewe, na kwamba kodi lazima ilipwe. Kisha anafunga kitabu na kuingia kwenye mambo ya siku: matuta ya shamba, harambee ya zahanati, chang'aa, na nani hajanunua kadi ya chama.

Juni 2024, vijana wetu walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, mhubiri mmoja wa huku ninakoishi aliwasomea mistari ile ile na kufunga kitabu pale pale. Mjukuu wangu alirudi nyumbani akaniuliza kama ni kweli Biblia inamtaka Mkristo anyamaze. Nilimwambia avute kiti, nikamsimulia habari za baba wa bibi yake, mtu aliyeitii sura ile kwa dhati kuliko yeyote niliyepata kumjua. Naziandika sasa kwa sababu waliozishuhudia tumebaki wachache.

Mtu huyo, baba mkwe wangu, alikuwa mkulima wa kahawa na msomaji wa kanisa katika CPK, kama Kanisa la Anglikana lilivyoitwa siku hizo. Aliokoka akiwa kijana, katika ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukafika Kenya mwaka 1937. Kwetu waliitwa ahonoki, yaani waliookoka. Ukiwasikia wakiimba wimbo wao, Tukutendereza, barabarani ulijua kuna mtu ametubu jambo, na pengine kesho yake mtu huyo angemrudishia jirani jembe aliloiba miaka kumi iliyopita. Walikuwa watu wa kweli ngumu, hata kwao wenyewe.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, watu wa msituni walimtaka ale kiapo. Alikataa, alisema amekwisha kunywa damu ya Yesu kwenye meza ya Bwana na hawezi kuichanganya na nyingine. Wakamkata panga begani. Alipopona, serikali ya mkoloni ikamletea bunduki ili awe homugadi, ikidhani mtu aliyekatwa na Mau Mau atafurahi kuipokea. Akakataa hiyo pia. Akapigwa upya, mara hii na watu wa serikali, akafungiwa kambini pamoja na wale waliomkata. Mwaka 1969, Tom Mboya alipouawa na watu wakaanza kubebwa kwa malori usiku kwenda Gatundu kula kiapo cha kulinda serikali isiondoke mikononi mwa Wakikuyu, alikataa tena. Nayataja haya ili ieleweke kwamba mtu huyu hakuwa mkaidi wa siasa. Hakuwahi kuwa na upande katika siasa ambao watu wangeweza kuushika na kumwekea jina.

Katika mengine yote alikuwa mtiifu kuliko chifu mwenyewe. Kodi alilipa kabla ya kuulizwa. Matuta yaliposisitizwa, ya kwake yalikuwa ya kwanza kuchimbwa. Kadi ya KANU alinunua, akaitunza ndani ya Kitabu cha Sala ili isikunjike. Kila Jumapili alimwombea Rais kwa jina: kwanza Kenyatta, na baada ya Agosti 1978, Moi. Redio ilipoanza taarifa ya habari kwa maneno Mtukufu Rais, yeye aliacha kula mpaka habari ya Rais ipite. Mke wangu anasema walipokuwa watoto walidhani ni sehemu ya sala.

Basi ukaja mlolongo.

Kwa wasioujua, mlolongo ulikuwa mtindo wa kupiga kura ya mchujo ya KANU, na KANU ndicho kilikuwa chama pekee tangu sheria ibadilishwe mwaka 1982. Wakala wa kila mgombea anasimama na picha ya mtu wake kiwanjani, wanachama wanajipanga nyuma yake, msimamizi anapita akihesabu vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja hadi Bungeni, bila kura ya siri hata kidogo. Waliotetea mtindo huo walisema ni wa Kiafrika, wa wazi, hauna wizi wa masanduku. Lakini fikiria mtu anayedaiwa, amesimama kwenye mstari mmoja huku mdai wake anamtazama kutoka mstari wa pili. Fikiria mwalimu, na chifu yuko pale na kalamu. Halafu lipo kubwa kuliko yote: karatasi ya kura inaweza kuhesabiwa mara ya pili na mara ya tatu, hata mbele ya hakimu. Mlolongo ukitawanyika, hakuna kilichobaki cha kuhesabu. Neno la msimamizi ndilo kura.

Agosti 1986 wachungaji wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta wakasema hawataweza kujipanga hivyo, kwa kuwa mchungaji akisimama nyuma ya muumini mmoja amewapa kisogo wengine. Wakubwa wa chama walikasirika. Kanisa la AIC, ambalo Rais alikuwa mshirika wake, lilijitoa NCCK. Tangu hapo Warumi 13 ikawa silaha mikononi mwa Wakristo dhidi ya Wakristo. Tulikuwa nchi ambayo Rais mwenyewe, aliporudi kutoka Addis Ababa Septemba 1984, alikuwa amewataka mawaziri na wengine wote waimbe wimbo wake kama kasuku. Viongozi wa makanisa waliokataa kuwa kasuku walihesabika kwa vidole: Henry Okullu wa Maseno Kusini, Alexander Muge wa Eldoret, Mchungaji Timothy Njoya kwa Wapresbiteri, na askofu wetu sisi, David Gitari.

Gitari hakuwa mtu wa kelele. Alichukua kitabu kimoja cha Biblia akakifafanua sura kwa sura, na watu waliokuja kumsikiliza wakiwa na kinasa sauti mfukoni walirudi na habari za Babeli. Juni 1987 alihubiri Nyeri juu ya Danieli na tundu la simba, na magazeti yakachemka kwa muda mrefu. Wanasiasa walitaka aadhibiwe kwa mahubiri hayo. Baba mkwe alifurahishwa na kitu ambacho magazeti hayakukigusa. Danieli, alisema, alikuwa mtumishi mwaminifu wa Dario. Adui zake walichungulia kazi yake wasipate kosa. Alipoambiwa asiombe, aliomba, madirisha yakiwa wazi kama zamani. Alipopelekwa kutupwa, hakupigana na askari. Na asubuhi, mfalme alipokuja kumwita shimoni, alimjibu kwa heshima ya mfalme, akamtakia maisha marefu.

"Utiifu na ukweli vilikuwa tundu moja na yule simba," aliniambia, "na vyote viwili vilitoka vizima."

Wiki moja kabla ya mchujo wa Februari 1988, chifu aliitisha baraza na kuleta mhubiri mgeni. Mhubiri alisoma, akaeleza kwamba anayekosoa kiongozi anamkosoa aliyemweka, na anayetilia shaka hesabu ya serikali anatilia shaka hesabu ya Mungu. Nilikuwa nimesimama nyuma pamoja na walimu wenzangu. Mwalimu mkuu alikuwa ametuamuru tuhudhurie. Mwishoni chifu alimwomba baba mkwe afunge kwa sala, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mzee kuliko wasomaji wote wa kanisa waliokuwapo.

Alisimama. Alimwombea Rais Moi kwa jina, apewe afya na washauri wasiomdanganya. Akamwombea mkuu wa wilaya. Akamwombea chifu kwa jina lake la ubatizo, na mkewe, na mtoto wao aliyekuwa mgonjwa. Kisha akasema: "Na wale watakaohesabu watu Jumatatu, Bwana, wape macho ya kuona na kinywa cha kusema kile macho yalichoona." Amina iliyoitikiwa hapo sijaisikia tena kwenye baraza lolote.

Kesho yake aliitwa ofisini. Alikwenda asubuhi, akakalishwa kwenye benchi la nje mpaka jua likaanza kushuka. Nilipotoka shuleni nilipita, nikamkuta bado ameketi, kofia magotini, anasoma. Chifu alipomwita nilibaki mlangoni. Chifu huyu alikuwa amefundishwa na mzee huyu huyu katika shule ya Jumapili, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi.

"Mzee, umenitukana mbele ya watu."

"Bwana Chifu, nimekuombea. Tangu uwekwe kwenye kiti hicho hakuna asubuhi iliyopita bila kukutaja."

"Basi niombee kimoyomoyo."

"Ukiniamuru nisiombe mbele ya watu, nakuomba amri hiyo uiandike na kutia sahihi. Siku nitakapoulizwa na Mungu kwa nini niliacha, nijue la kujibu."

Chifu hakuandika. Alimwambia aende nyumbani, naye akaaga kwa adabu yote na kumuuliza mtoto anaendeleaje.

Jioni ile nilimkuta shambani akikata matawi makavu ya mikahawa. Nilikuwa na hofu, sikatai. Mshahara wangu ulitoka serikalini, na mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Nikamuuliza: "Baba, na kama mhubiri yule amesema kweli? Kama mtu huyu amewekwa na Mungu, sisi ni nani?"

Aliendelea kukata huku akinisimulia habari za Daudi katika pango la En-gedi, kutoka Samweli wa Kwanza sura ya 24. Sauli amekuja na watu 3,000 kumsaka mtu ambaye hajamkosea. Anaingia pangoni peke yake, asijue kwamba Daudi yumo ndani. Watu wa Daudi wanamwambia leo ndiyo leo. Daudi ananyata, anakata pindo la vazi la mfalme, na hata kwa hilo moyo unamchoma, kwa kuwa Sauli ni masihi wa Bwana. Hapo, alisema, wasomaji wa barazani hufunga kitabu. Lakini Daudi alitoka pangoni. Alimwita mfalme kwa sauti, akainama mpaka uso ukagusa ardhi, akamwita bwana wake na baba yake, kisha akainua kile kipande cha nguo mbele ya jeshi zima na kumwambia aone. Alimweleza aliyomfanyia, moja baada ya jingine, na kumkabidhi Mungu aamue kati yao.

"Vijana wenye hasira huanzia pale Daudi alipopaza sauti," alisema. "Chifu huishia pale moyo ulipomchoma. Mimi sikupewa ruhusa ya kugawanya sura. Sitamgusa Sauli. Na pindo nitaliinua."

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 22 Februari 1988. Kiwanja cha shule yetu kilikuwa kikavu, nyasi zimegeuka rangi ya majani ya chai yaliyotumika. Wagombea waliokuwa na watu walikuwa wawili. Mlolongo wetu ulianzia kwenye nguzo za goli, ukapita vyoo vya wasichana, ukatoka nje ya ua wa mikaratusi hadi barabarani. Mlolongo wa pili uliishia kabla ya kufika vyooni. Mtoto wa darasa la kwanza angeona upi mrefu. Msimamizi alipita akigusa mabega kwa kijiti, akaandika, akaenda kwenye gari akakaa humo na watu wengine wawili, akarudi na kutangaza kwamba mlolongo mfupi ndio ulioshinda, tena kwa tofauti kubwa.

Kelele zilizozuka hapo zilinitisha. Vijana upande wa barabara walianza kuokota mawe. Niliona mmoja wao, mwanafunzi wangu wa zamani, akipima jiwe kwa kulitupatupa kiganjani. Baba mkwe alitoka mstarini hatua mbili, akainua kofia yake.

"Kaeni chini! Kila mtu akae pale pale aliposimama."

Mara ya kwanza hawakumwelewa. Akarudia, huku anashuka kando ya mstari akiwagusa watu mabegani: kaa hapo, mama; kaa hapo, ndugu yangu. Wale akina mama wa kanisa ndio walioketi kwanza, kwenye vumbi, na nguo zao nzuri. Kisha mlolongo wote ukaketi, tangu golini hadi barabarani. Aliwaendea vijana wenye mawe na kuwaambia kuna mawili tu, kuketi au kwenda nyumbani. Wengi waliketi. Yule mwanafunzi wangu aliondoka huku anatukana.

Ndipo alipokwenda kwa msimamizi, kofia mkononi. Nilikuwa karibu, maneno yake niliyasikia yote. "Mheshimiwa, hatugombani nawe, wala hatugombani na serikali iliyokutuma. Tunaomba uhesabu tena. Kura zako ni sisi, na bado tupo."

Msimamizi alisema matokeo yakitangazwa yametangazwa. Baba mkwe akamshukuru, akarudi, akaniomba daftari. Nilikuwa nalo moja la hesabu mfukoni. Tulianzia golini, yeye akiuliza kila aliyeketi kama yuko radhi jina lake liandikwe, mimi nikiandika jina na nambari ya kipande. Wapo waliokataa, hasa walimu na wafanyakazi wa serikali, naye aliwapita bila neno. La kwangu niliandika la kwanza. Jua lilitupiga mpaka wino ukawa unachafuka kwa jasho la mkono. Mtu mmoja akaanzisha Tukutendereza, wakaimba taratibu, wala si kwa kushindana na mtu.

Tulikuwa hatujafika kwenye mikaratusi lori la polisi lilipoingia. Ofisa akashuka na kutoa amri tutawanyike. Watu wote walimtazama baba mkwe. Mpaka leo naweza kukuonyesha alipokuwa amechutama. Aliinuka, akakung'uta suruali vumbi, akasema: "Tumeamriwa twende. Twendeni."

Kijana mmoja alimjia juu. "Mzee, umetukalisha jua lote hili ili tukimbie polisi?"

"Hatukimbii, tunatembea. Askari hawa hawakuhesabu mtu. Wametumwa kuondoa watu kiwanjani, na kiwanja ni cha serikali. La kwetu tumeshalisema, na liko kwenye daftari."

Wakatembea. Hakuna aliyepigwa siku ile. Kwenye vituo vingine nchini watu walitandikwa, nalijua hilo, na ninaheshimu kila aliyepigwa. Usiku aliandika barua kwa mkuu wa wilaya, kwa mwandiko wake wa kulala, akaambatanisha majina. Ilianza kwa kumtakia heri na kumhakikishia utiifu wa waandikaji. Ikaendelea kusema kwamba yaliyotangazwa hayakuwa kweli. Nakala moja alimpelekea askofu. Kutoka wilayani hakukuja jibu.

Uchaguzi mkuu ulifanyika Machi mwaka huo huo, na Bunge lililotokana nao nchi nzima ilijua lilivyopatikana. Jarida la NCCK, Beyond, lilipochapisha yaliyotokea kwenye vituo, lilipigwa marufuku, na mhariri wake akafungwa. Sisi tulipata ya kwetu. Baba mkwe aliondolewa kwenye kamati ya shule aliyosaidia kuijenga kwa mikono yake. Mimi nilipewa barua ya uhamisho kwenda shule ya mbali sana, nchi kavu, kwa sababu zilizoitwa mahitaji ya kazi, na mtoto wetu alizaliwa nikiwa huko. Nilipotaka kulalamika, baba mkwe alinishauri niandike malalamiko yangu vizuri, niyapeleke, kisha nipande basi siku niliyoamriwa. Nilifanya vyote viwili.

Aprili 1989 wavamizi walivunja nyumba ya Askofu Gitari usiku, kwetu Kirinyaga. Alipanda juu ya paa akapiga kelele, majirani wakaja, wavamizi wakakimbia. Agosti 1990 ilikuwa zamu ya Muge. Siku chache kabla, waziri wa kazi, Peter Okondo, alikuwa amemwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Muge alikwenda, akahubiri, na tarehe 14 alipokuwa akirudi Eldoret gari lake likagongana na lori, akafa. Okondo akajiuzulu. Nilikuwa nimerudi nyumbani likizo habari ilipotangazwa. Baba mkwe alizima redio, na ndiyo siku pekee niliyomwona akiizima habari ikiendelea.

Mtu anaweza kuuliza, na mjukuu wangu aliuliza: utiifu huo ulileta nini? Nitasema nilichokiona. Mwaka huo huo wa 1990 chama chenyewe, KANU, kiliunda kamati chini ya Makamu wa Rais, George Saitoti, kusikiliza maoni ya wananchi. Wengi walisema ni mtego. Baba mkwe alisema serikali ikikuita ukaseme, kutokwenda ndiko kuvunja Warumi 13. Alivaa koti, akachukua daftari langu la hesabu, akapanda matatu. Alirudi usiku akiwa amesema mbele ya wakubwa kile alichosema kiwanjani, kwa maneno yale yale. Kote nchini kamati ilisikia mambo ya namna hiyo kutoka kwa maelfu ya watu ambao hawakuwahi kumrushia mtu jiwe. Desemba 1990 wajumbe wa KANU wakakubali mlolongo uondolewe. Mwaka mmoja baadaye kifungu kilichozuia vyama vingi kikafutwa. Sisemi ni daftari letu lililofanya hayo. Kulikuwa na maandamano ya Saba Saba, na damu iliyomwagika siku zile, na wafadhili waliofunga mikoba yao. Lakini kamati ile isingeweza kusema haikuambiwa.

Na nina neno na wale wanaofunga kitabu kwenye mstari wa saba. Paulo aliyeandika Warumi ndiye aliyekataa kutolewa gerezani Filipi kimyakimya. Alitaka mahakimu waliomchapa bila hukumu waje wenyewe wamtoe. Ndiye aliyemkaripia kuhani mkuu kwa kuagiza apigwe kinyume cha sheria, kisha akajirudi alipoambiwa cheo chake. Ndiye aliyekata rufaa kwa Kaisari, na Kaisari wa siku hizo alikuwa Nero. Mtu huyu aliwatii watawala kiasi cha kuwadai wawe watawala kweli. Anasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa faida yako. Basi anayemwachia mtawala adanganye anamnyima faida hiyo yeye mwenyewe na jirani yake, na anamwacha mtumishi wa Mungu apotee. Ndiyo maana nilifurahi Novemba 2024 Askofu Mkuu Mkatoliki wa Nairobi aliporudisha michango ya Rais na wanasiasa. Hakumtukana Rais. Alirudisha fedha na kutaja sheria.

Ila kuna nusu nyingine ya habari hii, na vijana hawaipendi. Desemba 1992 tulipiga kura ya siri, vyama vingi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Upinzani ulikuwa umegawanyika kati ya Matiba, Kibaki na Jaramogi, na Moi akashinda kwa takriban asilimia 36. Kwetu ilikuwa kama msiba. Tayari watu wetu walikuwa wamefukuzwa Bonde la Ufa katika mapigano ya kikabila; kanisani mwetu walilala wajane kutoka Molo, na watoto ambao baba zao walikuwa wameuawa. Jumapili iliyofuata baba mkwe alisimama kwenye maombi na kusema kama kawaida: tumwombee Rais wetu, Daniel arap Moi.

Hakuna aliyeitikia. Kijana mmoja aliyempoteza mjomba wake kule alisimama na kutoka, na wenzake wakamfuata. Baada ya ibada walimzunguka nje, nami nilikuwapo.

"Babu, litoe jina hilo. Kanisa litabaki tupu."

"Nilikataa kusema mlolongo mfupi ni mrefu chifu aliponitaka," aliwajibu. "Nanyi sitawakubalia niseme kwamba Rais si Rais. Yaliyotendeka Molo nimeyaandika, na barua nimemtumia yeye mwenyewe. Njooni mtie majina yenu. Lakini kumwombea sitaacha."

Wawili walitia majina. Wengine walihamia kanisa jingine, na mmoja wao hakusalimiana naye tena mpaka mwisho. Aliendelea kulitaja jina lile kwa miaka kumi, kanisa likiwa limejaa au likiwa nusu. Sikukubaliana naye wakati wote. Kuna Jumapili nilizokaa kimya wenzangu walipoitikia, kwa sababu ya wale wajane, na sijui kama Mungu alinihesabia hilo kuwa dhambi.

Kibaki alipoapishwa tarehe 30 Desemba 2002, kanisa zima liliimba, na Jumapili iliyofuata baba mkwe alipotaja jina jipya Amina iligonga mabati. Alingoja watulie, akamwombea pia Moi huko alikoenda kustaafu. Kisha akamwombea Kibaki asikose watu wa kumwambia kweli. Baadaye mwaka 2003, mahindi ya msaada yalipogawiwa na majina ya maskini kadhaa yakarukwa, alivaa lile koti, akaenda kwa chifu mpya, mtu tuliyempenda sote na wa chama chetu, akiwa na orodha ya walioachwa. Chifu alimweka kwenye benchi la nje tangu asubuhi.